Umeme wa Jua kwa Shamba Dogo, Kisumu Hadi Nakuru: Anza na Kazi, Paneli Ije Baadaye

Mkulima anayeingia katika duka la vifaa vya sola mjini Kisumu au Nakuru huulizwa swali moja hata kabla hajaketi: anataka paneli ya wati ngapi. Swali hilo linaonekana la busara, lakini limeanzia mwisho. Hakuna anayeweza kujua wati anazohitaji kabla ya kujua anataka lita ngapi za maji kwa siku na zipandishwe kimo gani, au maziwa kiasi gani yapoe kufikia saa ngapi. Na muuzaji asiyeuliza hayo naye hajui, hata awe mkarimu namna gani. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kinyume. Unaanza na kazi ya shamba, unaipima, na paneli inapatikana mwishoni kama jibu la hesabu.

Jambo la pili la kuamua mapema ni mahali pa kuweka akiba. Jua huwaka mchana, ilhali kazi nyingi za shamba huangukia jioni, usiku au alfajiri, na wengi hudhani kwamba daraja la pekee kati ya nyakati hizo ni betri. Betri ndiyo sehemu ya mfumo inayokufa kwanza. Betri ya kawaida ya risasi na asidi, ikitumiwa kila siku na kuachwa iishe kabisa mara kwa mara, huchoka ndani ya miaka michache tu, wakati paneli iliyo juu yake ingali na miaka 20 ya kufanya kazi. Kwa bahati nzuri, kazi kubwa za shambani zinaweza kuwekewa akiba bila betri: maji hukaa katika tangi, baridi hukaa katika barafu, na samaki au mboga zikishakaushwa hazihitaji umeme tena. Betri ibakie kwa zile kazi chache zisizo na njia nyingine, na zipo, kama tutakavyoona.

Kabla ya kuchukua kalamu, amua pia kama zao lako linastahili gharama hiyo. Kwa maoni yangu, mahindi hayastahili. Kuyanyunyizia maji ya pampu ni kulipa ghali kwa zao ambalo jirani yako atavuna kwa mvua na kuliuza kwa bei ileile. Pampu hujilipa kwa nyanya, vitunguu, pilipili hoho, matikiti, sukuma wiki, managu na kunde, hasa zinapofika sokoni wakati mashamba ya mvua yamekauka. Nyanya huanza kuvunwa takriban miezi miwili na nusu hadi mitatu baada ya miche kupandikizwa, kwa hiyo anayetaka kuuza mwezi wa pili sokoni Kibuye au Ahero hupandikiza mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zingali zikimsaidia, kisha pampu inachukua zamu Desemba.

Hesabu ya maji

Mboga zilizokomaa katika ukanda wa ziwa, siku ya jua kali, hutumia maji kati ya milimita 4 na 6 kwa siku. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili, na hapo hesabu inakuwa nyepesi. Chukua robo ekari, ambayo ni takriban mita 1,000 za mraba. Kwa milimita 5, mimea yenyewe inataka lita 5,000 kwa siku. Sasa ongeza maji yanayopotea njiani: mipira ya matone, ile inayodondoshea kila mmea maji kidogo kidogo, hupoteza karibu sehemu moja kati ya kumi, na mifereji ya kuchimba kwa jembe inaweza kupoteza karibu nusu. Kwa matone utahitaji kama lita 5,500. Ukiongeza ng'ombe mmoja wa maziwa, ambaye peke yake anaweza kunywa lita 60 au zaidi, pamoja na matumizi ya nyumbani, panga lita 6,000, yaani mita 6 za ujazo.

Baada ya wingi, pima kimo. Funga jiwe kwenye kamba, literemshe kisimani, na kamba ikishalegea ipime kutoka ukingo hadi pale ilipolowa. Hicho ni kina cha maji yakiwa yametulia, na wengi huishia hapo, wakati kina kinachohitajika ni kile cha maji yanapovutwa. Azima pampu ya petroli, vuta maji kwa saa kadhaa kwa kasi unayoikusudia, kisha teremsha kamba tena. Kisima kilichokuwa na maji kwenye mita 8 kinaweza kushuka hadi mita 12, na kama kinakauka kabisa baada ya saa moja, basi tatizo lako halitatatuliwa na sola ya ukubwa wowote. Jaribio hili lifanywe mwezi wa pili au mwanzoni mwa wa tatu, kabla ya masika. Kisima kilichopimwa mwezi wa tano kitakudanganya.

Tuseme kisimani kwa mkulima mmoja wa Nyando maji yamesimama kwenye mita 12 wakati wa kuvutwa. Jukwaa la tangi lina kimo cha mita 1.5, tangi lenyewe lina mita 2 na maji yanaingilia juu, na ardhi kati ya kisima na tangi inapanda mita 2.5. Jumla ni mita 18. Ongeza mita 2 kwa ajili ya msuguano ndani ya bomba, upate 20.

Kupandisha mita moja ya ujazo kwa kimo cha mita moja kunahitaji nishati ya wati-saa 2.7, mahali popote duniani (wati-saa moja ni wati moja ikitumika kwa saa nzima). Kwa hiyo mita 6 za ujazo, mara kimo cha mita 20, mara 2.7, ni wati-saa 324. Pampu ndogo pamoja na mota yake hugeuza kuwa kazi sehemu kama nne tu kati ya kumi za umeme inaopewa. Gawa kwa 0.4 upate 810. Paneli nayo hupoteza kwa joto, vumbi na nyaya. Zidisha kwa 1.3 upate kama 1,050. Mwisho, gawa kwa saa za jua kamili. Mchana wetu una saa 12, lakini nguvu yake yote ikikusanywa ni sawa na saa chache tu za jua kali la saa sita mchana. Kwa Kisumu, Nyando na Homa Bay, 5 ni namba ya tahadhari. Kwa maeneo ya juu yenye ukungu na baridi kama Molo na Kuresoi, hasa mwezi wa saba na wa nane, napendelea 4. Kwa mkulima wetu wa Nyando, 1,050 gawanya kwa 5 ni wati 210. Anunue paneli ya 250 au 300, basi. Si 100 aliyoonyeshwa kwa sababu ni rahisi, wala si 1,000 aliyotishwa nayo.

Hesabu hiyohiyo inakupa njia ya kumpima muuzaji. Lita 6,000 kwa saa 5 ni lita 1,200 kwa saa, yaani lita 20 kwa dakika. Mtungi wa kawaida wa lita 20, ukiwekwa pale maji yanapotokea juu ya tangi, jua likiwa utosini na mbingu nyeupe, unapaswa kujaa kwa dakika moja.

"Fundi, umesema inatoa lita elfu mbili kwa saa."

"Ndiyo mama, imeandikwa hapa kwenye boksi."

"Basi weka mtungi, tuangalie saa."

Namba ya kwenye boksi kwa kawaida ni ya kimo kidogo sana, wakati mwingine karibu na sifuri. Kila pampu nzuri huja na mchoro au jedwali linaloonyesha maji yakipungua kadiri kimo kinavyoongezeka, na usilipe kabla ya kulisoma kwenye mstari wa kimo chako mwenyewe. Pampu isiyo na jedwali hilo iache dukani.

Pampu, bomba na nyaya

Pampu ni za aina mbili. Ile inayokaa juu ya ardhi huvuta maji kwa kufyonza, na ufyonzaji una mpaka uliowekwa na uzito wa hewa, ambao hakuna nguvu ya mota inayoweza kuuvuka. Kwenye usawa wa bahari mpaka huo ni kama mita 10. Kisumu, iliyo mita zipatazo 1,130 juu ya bahari, unashuka hadi karibu 9, na Nakuru mjini, karibu mita 1,850, hadi 8 na kidogo. Katika matumizi halisi toa nyingine mbili hivi. Kwa hiyo pampu ya juu inafaa ukingoni mwa ziwa, kando ya Mto Nyando au Sondu, na kwenye visima vifupi ambavyo maji yake hayashuki chini ya mita 6. Zaidi ya hapo tafuta pampu ya kuzamishwa ndani ya maji. Ukinunua ya juu, iteremshe karibu na maji kadiri uwezavyo, kwa sababu kusukuma hakuna mpaka wa namna hiyo.

Bomba ndilo mahali ambapo watu hujaribu kuokoa pesa na kuzipoteza mara mbili. Msuguano huongezeka kwa kasi ya ajabu bomba linapopungua upana: ukilipunguza kwa nusu huku maji yakiwa yaleyale, msuguano huongezeka karibu mara 30. Lita 20 kwa dakika hupita vizuri katika bomba la inchi moja. Katika la nusu inchi, pampu itaishia kupigana na bomba badala ya kupandisha maji.

Nyaya zina tabia kama hiyo. Umeme wa paneli ni wa volti chache, na volti hizo hupotea njiani kwa urahisi, kwa hiyo paneli zikae ndani ya mita 20 hivi kutoka kwa pampu, na waya uwe na unene wa milimita 4 za mraba au 6. Waya mwembamba wa taa za nyumbani hauna kazi hapa. Maungio yote yafungwe yasipitishe maji, na pawe na swichi ya kukata umeme karibu na pampu.

Paneli ielekezwe wapi? Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, ambayo inapita kaskazini kidogo tu mwa jiji la Kisumu, kwa hiyo jua linapita juu ya vichwa vyetu na paneli ingeweza hata kulazwa. Usiilaze. Ipe mwinamo wa digrii 10 hadi 15 ili mvua iioshe na maji yasituame na vumbi. Katika maeneo ambako anga huwa safi asubuhi na mawingu ya radi yakajikusanya alasiri, jambo la kawaida kuanzia uwanda wa Kano hadi vilima vya Nandi na Kericho, kuielekeza mashariki kidogo kunalipa. Jihadhari zaidi na kivuli. Seli za paneli zimeungwa kama mnyororo, na jani moja la mgomba linalofunika kona linaweza kupunguza umeme kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe unavyoonyesha. Mpapai ulio mfupi leo utakuwa umezidi kimo cha paneli mwakani.

Radi si jambo la kupuuzwa magharibi mwa Kenya. Fremu ya paneli iungwe kwa waya mnene hadi kwenye chuma kilichozikwa ardhini, ile kazi ambayo mafundi huiita erthi, na kidhibiti cha pampu kiwe na kinga yake. Fundi akisema si lazima, tafuta mwingine.

Tangi ndilo betri

Tangi la lita 5,000 au 6,000 linabeba kazi ya siku nzima. Siku yenye mawingu pampu itatoa kidogo, na akiba ya jana italiziba pengo. Ukiweza kuwa na akiba ya siku mbili ni bora zaidi, ingawa nyanya zenye mizizi iliyoshuka vizuri katika udongo mweusi wa Kano hazitakufa kwa siku moja bila maji. Udongo wenyewe ni ghala. Katika mchanga wa karibu na ufuo, hali ni tofauti: maji hupita haraka, na kunyunyizia kidogo mara mbili kwa siku kunashinda kumwaga mengi mara moja.

Kumbuka kwamba lita 5,000 ni tani tano. Nimeona majukwaa ya miti ya mikaratusi yakiwa yameinama chini ya mzigo huo, na watoto wakicheza kivulini mwake. Mipira ya matone ya wakulima wadogo huhitaji mita moja au mbili tu za kimo, kwa hiyo jukwaa fupi la mawe na saruji linatosha, na penye mteremko tangi liwekwe upande wa juu wa shamba bila jukwaa kabisa. Kila mita unayoongeza kwenye jukwaa unailipia kwa paneli kila siku.

Weka boya ndani ya tangi la kuzima pampu linapojaa, na kihisio kisimani cha kuizima maji yanapoisha. Pampu inayozunguka bila maji huharibika haraka, na uharibifu wa namna hiyo kwa kawaida haulipwi na dhamana.

Kuhusu maji yenyewe: mto uliojaa tope huziba matone, kwa hiyo chujio liwepo kati ya tangi na mipira, lioshwe kila wiki, na msimu wa mvua kila siku. Upande wa ziwa, magugu maji hufunga mdomo wa bomba. Liingize bomba ndani ya kikapu kipana cha wavu na ulining'inize chini ya boya, lisiguse matope wala kuelea juu. Upande wa Nakuru, Ziwa Nakuru na Elmenteita ni maji ya magadi yasiyofaa kunyunyizia, na visima vingi virefu vya Bonde la Ufa vina floraidi nyingi. Maji ya kisima kipya yapimwe maabara kabla ya watu kuyanywa. Kiwango cha mwisho cha floraidi kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Maziwa ya jioni

Njoro, Rongai, Bahati, Subukia na Molo, tatizo la mfugaji si maziwa ya asubuhi, ambayo gari la ushirika huyachukua. Ni yale ya jioni. Yanatoka kwenye kiwele yakiwa na nyuzi kama 35 au zaidi, na ili yafike asubuhi yakiwa salama yanapaswa kushuka hadi nyuzi 4 ndani ya saa mbili au tatu.

Hatua ya kwanza haina umeme. Tumbukiza mkebe wa alumini au chuma kisichoshika kutu katika beseni la maji baridi mara tu baada ya kukamua, na uyakoroge maziwa polepole kwa kikorogeo safi. Mahali pa baridi kama Molo, hatua hiyo peke yake huondoa zaidi ya nusu ya joto. Mtungi wa plastiki hautakufaa, kwa kuwa plastiki huzuia joto kutoka na mikwaruzo yake huficha vijidudu.

Nusu iliyobaki ndiyo kazi ya jua, na hapa barafu inashinda betri kwa mbali. Hata bila ile hatua ya kwanza, lita 30 za maziwa, zikishushwa kutoka nyuzi 35 hadi 4, hutoa joto linaloweza kuyeyusha kama kilo 11 za barafu. Weka 15 kwa ajili ya upotevu. Friza ya sola iliyotengenezwa kufanya kazi moja kwa moja na paneli hugandisha kiasi hicho mchana, na jioni barafu inazungushwa kwenye mkebe. Kwa kazi hiyo panga paneli za jumla ya wati 500 hadi 600. Wafugaji wanne au watano wenye lita sita sita kila mmoja wanaweza kushiriki friza moja, lakini nyumba iliyo nayo iwe ile inayofikika kwa miguu ndani ya nusu saa, la sivyo maziwa yatachachia njiani na lawama zitaanza.

Upande huu wa Nakuru kuna nishati nyingine ambayo haitoki kwenye paa la mtu. Shamba la maua la Oserian, kando ya Ziwa Naivasha, walianza kupasha joto vivungulio vya maua kwa mvuke wa ardhini mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Kampuni ya Ustawishaji wa Jotoardhi, GDC, imeonyesha huko Menengai kwamba joto hilohilo linaweza kutibu maziwa, kulea samaki na kupasha vivungulio. Mkulima wa kawaida hawezi kuchimba kisima cha mvuke, lakini chama cha ushirika kilicho jirani na Menengai kina sababu ya kwenda kuuliza.

Kukausha, samadi na mayai

Ukaushaji ndio matumizi ya jua ya bei nafuu kuliko yote, na hauhitaji hata waya. Omena zinazoanikwa juu ya mchanga hupata mchanga, inzi na mvua ya ghafla. Zikianikwa kwenye wavu ulioinuliwa mita moja, chini ya plastiki angavu inayostahimili jua, hukauka haraka na safi. Siri iko katika upepo: banda liwe na tundu chini na tundu jingine juu, hewa ya moto ipande na unyevu. Banda lililofungwa kila upande huivisha samaki badala ya kuwakausha. Kwa mboga za majani, ziloweshe kwanza katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, uziweke mahali pasipopigwa na jua moja kwa moja ili zisipoteze rangi, na usiruhusu joto lipite nyuzi 60.

Kwa mahindi lengo ni unyevu wa asilimia 13.5, chini ya hapo kuvu wa sumukuvu hana nafasi kubwa. Asiye na kipimo atie chumvi kavu na punje kadhaa za mahindi katika chupa kavu, aitikise na kuiacha dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yarudi juani.

Samadi nayo ni nishati, na watu wa zerograzing wanaijua. Kilo 40 kwa siku, ambazo ng'ombe wawili wa bandani hutoa bila shida, zikichanganywa na lita 40 za maji, huleta gesi ya kupikia kwa saa tatu au nne kwenye jiko la mdomo mmoja. Mtambo wa mita 6 hadi 8 za ujazo unatosha. Nakuru chagua 8, kwa sababu penye baridi samadi huchelewa kuchacha. Ng'ombe wanaolala bandani lakini wanashinda malishoni huacha nusu ya gesi yako kwenye nyasi za jirani. Tope linalotoka lipelekwe moja kwa moja kwenye nepia na sukuma wiki kabla halijakauka, maana likikauka juani naitrojeni yake nyingi hupotea hewani.

Mayai ndiyo kazi ninayosema inahitaji betri. Kiangulio lazima kikae kwenye nyuzi 37.5 kwa siku 21, usiku na mchana. Kiangulio kidogo kinachotumia wastani wa wati 40 kitakula wati-saa 520 kwa saa 13 za giza na jua hafifu. Betri ya risasi na asidi haipaswi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo utahitaji yenye zaidi ya wati-saa 1,040, yaani ile ya volti 12 na ampea-saa 100, na hapo hujaweka akiba kwa siku ya mawingu. Betri ya lithiamu ni ghali dukani lakini hushushwa zaidi na hudumu miaka mingi zaidi. Hesabu bei ya kila kifaranga kabla hujaingia.

Vibali, fundi na malipo

Kuvuta maji kwa mashine kutoka ziwani, mtoni au kwenye kisima kirefu kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, kwa mujibu wa Sheria ya Maji ya mwaka 2016. Usichimbe kisima kirefu kwanza na kuomba baadaye. Fundi wa sola naye awe na leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli. Mwombe akuonyeshe, hatakasirika kama anayo. Kwa wale walio ndani ya skimu ya umwagiliaji kama Ahero au West Kano, ambako bili ya umeme wa pampu kubwa imekuwa mzigo kwa miaka mingi, kila mpango wa sola uanze kwa mazungumzo na kamati ya maji, kwa sababu mfereji ni wa wote.

Kabla ya kukopa, andika kwa mwezi mmoja wa kiangazi kila shilingi unayotumia kwa petroli, oili na matengenezo ya pampu yako ya sasa, pamoja na vibarua wa mitungi. Kiasi hicho ndicho mkopo wa sola unachopaswa kushindana nacho. Wauzaji wengi huruhusu kulipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, na ni njia nzuri, lakini soma masharti: pampu nyingi za namna hiyo hufungwa kutoka mbali malipo yakichelewa. Mkulima wa nyanya hana pesa kila mwezi. Anazo baada ya mavuno. Omba ratiba inayofuata msimu, na kama muuzaji anakataa, SACCO au chama kinaweza kununua pampu taslimu na kukudai kwa masharti mnayoelewana.

Baada ya kufungwa, mfumo huu hauhitaji mengi. Futa paneli kwa kitambaa laini na maji alfajiri ingali baridi. Maji baridi juu ya kioo cha moto yanaweza kukipasua. Boliti za fremu zichomelewe ili mwizi asizifungue, namba za paneli na pampu ziandikwe kwenye daftari na pia zipigwe picha, na risiti ikae pamoja na kadi ya dhamana. Kwa walio kando ya Nyando au Nzoia, pampu na bomba la kuvutia vitolewe mtoni kabla ya mvua za mwezi wa tatu kukolea, vioshwe, vikaushwe na kuhifadhiwa nyumbani, kwa kuwa mto ukifurika usiku hakuna atakayeteremka ukingoni kufungua boliti gizani.